Maziwa Yaliyorudishwa

Ukitaka kuona mtu akizeeka kabla ya wakati wake, mpe kazi ya kuchunguza maziwa ya mama. Sisemi ya ng'ombe. Hayo yamejaa Kitale hii, ukitoka nje asubuhi unapishana na mitungi njia nzima. Nasema maziwa ya binadamu, ambayo mwenyewe anayatoa kwa hiari yake tu, kidogo kidogo ndani ya chupa ndogo, na yakifika kwangu ama yamemwagika njiani, ama yameganda kwa joto, ama yamefika salama salimini halafu umeme ukapotea.

Naitwa Nyaruai, na kazi yangu maabara ni kutafuta ndani ya maziwa hayo vile vitu vinavyomkinga mtoto mchanga na maradhi, hasa kuhara. Kuna protini moja iitwayo laktoferini. Inawanyima vijidudu madini ya chuma, na kijidudu bila chuma hakizai. Kuna pia sukari za aina fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, lakini bakteria wazuri wa tumboni mwake wanazila wakashiba, wakawafukuza wabaya. Kila mama ana kiasi chake. Tukijua ni nani anazo nyingi na kwa nini, pengine tutawasaidia watoto wanaozaliwa njiti, wale unaoweza kuwabeba kwa kiganja. Hayo ndiyo yaliyonifanya niipende kazi hii. Siku hizi nayakumbuka kwa nguvu, kama mke anayejikumbusha kwa nini aliolewa.

Mkubwa wetu ni Dkt. Ngige. Amesoma, hilo silikatai, na si mtu mbaya. Kasoro yake ni kuamini kwamba hakuna shida hapa duniani isiyotibika kwa utaratibu mpya. Chupa zilipokuwa zikija nusu nusu, hazitoshi kupimwa, alitoa utaratibu. Chupa isiyofika kwenye mstari ibandikwe stika nyekundu, irudishwe kwa mama pamoja na maziwa yake, naye aombwe nyingine. Tulikuwa tumewaahidi akina mama wote kwamba maziwa yanabaki kuwa mali yao mpaka tuyatumie, kwa hivyo kuyamwaga bila ruhusa tusingeweza.

"Na akiiona kwa macho yake atajua kipimo," alisema Dkt. Ngige. "Hata hatutahitaji maneno mengi."

Mimi ndiye niliyekuwa nikibandika hizo stika. Nilibandika bila kufikiri, mawazo yangu yakiwa kwenye friza iliyokuwa ikinguruma vibaya.

Miongoni mwa akina mama wetu wa upande wa Bungoma alikuwako mmoja aitwaye Phelista, ameolewa juu ya Chwele, njia ya kwenda Cheptais. Chupa zake za kwanza zilipopita kwenye mashine nilidhani mashine imelewa. Nikarudia. Nikabadilisha dawa, nikarudia tena. Laktoferini yake ilikuwa karibu maradufu ya wenzake wote, na haikushuka baada ya wiki za kwanza kama inavyoshuka kwa wengine. Dkt. Ngige aliposikia, alikuja maabara mwenyewe, akasimama nyuma yangu akisugua mikono. Siku hiyo hiyo aliwapigia simu wafadhili. Wageni wakapanga kuja kuona, na sisi tukapanga kuwaonyesha.

Kisha chupa za Phelista zikakatika ghafla.

Aliyekuwa akizikusanya ni Edinah, muuguzi wetu wa Bungoma. Nikampigia.

"Huyo amekataa," Edinah akasema. "Ati hana maziwa."

"Hana aje? Juzi si alikuwa nayo ya kumwaga?"

"Nyaruai, mimi nitamkamua kwa nguvu? Amesema hana. Hata hakutoka nje, alisemea ndani ya nyumba."

Nilikasirika, tena nilikasirika sana. Nilijiambia kwamba hawa watu hawajui tunawafanyia nini, kwamba tunahangaika na friza na barabara na umeme kwa ajili ya watoto wao wenyewe, na wao wanatuchezea. Nikachukua gari la mradi, nikashuka Kiminini, Kamukuywa, mpaka Chwele, nikiwa na sanduku la barafu kando yangu na hotuba nzima mdomoni. Edinah aliningoja karibu na soko akiwa na mizani yake ya kupimia watoto. Nilimwambia leo nitamwambia huyo mama ukweli wake.

"Polepole," alisema Edinah. "Huku si Kitale."

Tulimkuta Mama Makokha, mama mkwe wa Phelista, akiosha mitungi ya maziwa karibu na zizi. Makokha mwenyewe, mume wa Phelista, alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe. Ni boma la watu wanaojua kufuga. Ng'ombe walikuwa wawili, wanene, ngozi inang'aa, na mitungi ile ilikuwa imesuguliwa hadi unaweza kujitazama ndani yake.

"Mulembe, mama," Edinah alisalimia.

"Mulembe muno. Karibuni." Lakini hakutukaribisha kwa uso. Aliendelea kusugua.

Phelista alikuwa sebuleni, amempakata mtoto wake wa kiume, Wangila, na mkononi ana chupa ya kunyonyeshea yenye maziwa meupe pepepe. Nilimtazama yule mtoto na hotuba yangu yote ikanipotea. Nilikuwa nimeona picha zake za kliniki, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Sasa shingo ilikuwa nyembamba na macho yamekuwa makubwa kupita uso. Alinyonya ile chupa kidogo, akaacha, akalia kilio cha kuchoka. Kando yake kulikuwa na rundo la nepi zilizochafuka.

"Phelista, hiyo ni maziwa ya nini?"

"Ya ng'ombe, daktari. Tunachemsha, tunaweka maji."

Mimi si daktari wa watu, na kwa kawaida huwa ninawasahihisha. Siku hiyo sikukumbuka.

"Mtoto wa miezi mitatu! Si ulifundishwa kliniki? Si Edinah alikaa hapa hapa akakuambia ni titi peke yake, hata maji usimpe? Unaona vile anahara? Phelista, wewe una maziwa ambayo wanawake wengine wangelipia kuyapata, na unampa mtoto ya ng'ombe! Unafikiri nini?"

Phelista aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea mtoto usoni. Nikasikia mtungi ukiwekwa chini kwa kishindo huko nje, na Mama Makokha akaingia, mikono ikichuruzika maji.

"Daktari, wacha kugombeza mtoto wa watu," alisema. "Si ni nyinyi mlikataa maziwa yake?"

"Nani alikataa?"

"Nyinyi! Chupa si ilirudi hapa na red? Mimi ndio nilipokea na hii mkono yangu. Sasa nikae nikitazama mjukuu wangu anakunywa kitu imekataliwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mimi nilizaliwa nje kidogo ya Kitale, kwenye nyumba iliyolelewa na ng'ombe. Karo yangu ilitoka kwenye viwele vya ng'ombe wa baba. Kila asubuhi tulipeleka mtungi kwenye ushirika, karani akachovya kipimo chake, akanusa, akatikisa. Maziwa yakiwa mabovu, au yakiwa na dawa ya ng'ombe anayetibiwa, karani hatukani mtu wala haelezi sana. Anatia rangi nyekundu ndani, mwenyewe asije akaenda kuyauza kwingine, anakurudishia mtungi wako. Unatembea nao barabarani na watu wote wanaona. Maziwa hayo hayanywewi. Paka hapewi, ndama hapewi. Siku baba yangu alirudishiwa mtungi wenye rangi hiyo hakula chakula cha mchana, na mama alichimba shimo nyuma ya choo akayazika.

Nilijua hayo yote tangu nikiwa mtoto, kama ninavyojua jina langu. Na bado nilikaa kwenye kiti changu cha maabara, nikachukua maziwa ya mke wa mfugaji, nikayabandika nyekundu, nikayarudisha kwao. Nilitaka ardhi inimeze.

"Edinah," nikasema, na nilisema kwa ukali kwa sababu nilihitaji mtu wa kukasirikia, "wewe hukuwaeleza?"

"Nilieleza! Phelista alikuwa shamba, nikaachia mama chupa, nikasema hii imerudi, tunaomba ingine. Ningesema nini tena? Mimi ni mtu wa Bungoma town, bana. Maziwa ninajua ni ya pakiti."

"Ulisema imerudi," Mama Makokha akadakia. "Hapo sasa si umesema yote?"

Phelista alianza kuzungumza bila kuinua uso. Alisema alipoiona ile chupa alijiuliza ni dawa gani alimeza. Alikumbuka vidonge vya malaria alivyopewa mwezi wa kwanza baada ya kujifungua, akaona ndivyo hivyo, vimeingia kwenye damu vikaingia kwenye maziwa kama ng'ombe aliyedungwa sindano. Alihesabu ni mara ngapi amemnyonyesha Wangila tangu hapo, akaogopa mpaka akatapika. Basi akawa anajikamua na kumwaga kwenye mgomba. Matiti yalivimba, yakauma, usiku mtoto analia na maziwa yanamtoka yenyewe yanalowesha nguo, naye amegeukia ukuta. Mwishowe alijifunga leso kifuani, akaikaza, ili yakauke.

"Nilikuwa namsikia akiniita," alisema. "Lakini ningempa sumu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kila kitu. Kwamba maziwa yalikuwa mazuri, ila ya chupa hiyo moja yalikuwa machache, hayakufika mstari, mashine haiwezi kupima machache. Kwamba stika ilikuwa alama ya kiasi tu.

"Kama ilikuwa kidogo," Mama Makokha akauliza, "si ungesema ni kidogo? Maziwa kidogo kwa ushirika wanachukua. Wanachukua hata kikombe. Ile wanarudisha ni mbaya."

"Mama, hii si ushirika."

"Lakini mnapima?"

"Tunapima."

"Na mnachukua ile nzuri?"

"Tunachukua... ndiyo, lakini si hivyo."

"Ni aje sasa?"

Kila neno langu lilizidi kunizamisha. Nikaona bora niite mkubwa. Nikampigia Dkt. Ngige, nikaweka simu kwenye spika ili wote wasikie, nikamwambia kwa ufupi yaliyotokea na nikamwomba amhakikishie mama huyu kwa kinywa chake.

"Hujambo, mama," sauti ya Dkt. Ngige ikajaa sebule. "Pole sana kwa usumbufu. Ningependa ujue kwamba hakuna tatizo lolote. Ni kwamba tu sampuli haikufikia kiwango."

Mama Makokha alimgeukia Phelista, kisha akanigeukia mimi. "Umesikia? Hata karani husema hivyo hivyo."

Nilitoka nje na simu. Dkt. Ngige alisikitika, na nadhani alisikitika kweli. Alisema huo utaratibu wa stika utabadilishwa kesho, tutafute rangi nyingine. Halafu akashusha sauti. "Lakini Nyaruai, kwa vile uko hapo tayari, ukipata hata kidogo tu, lete. Wageni wanakuja, na huyu ndiye mama wetu."

Nilikata simu bila kuaga. Niliangalia lile sanduku la barafu ndani ya gari, na kwa mara ya kwanza nililichukia. Kule Kitale, ndani ya friza yangu, maziwa ya Phelista yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, bora kuliko yote tuliyowahi kuyashika, yamejaa kinga ya kuhara. Na mtoto aliyetengenezewa maziwa hayo alikuwa ndani ya nyumba ile, anahara.

Niliporudi, Edinah alikuwa amemweka Wangila kwenye mizani. Hakusema namba kwa sauti, alinionyesha tu, na ilikuwa chini ya mara ya mwisho. Alikoroga maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, akaanza kumpa kwa kijiko, polepole, akimwambia Phelista kwamba kesho asubuhi lazima afikishwe kituo cha afya, na kama kinyesi kitatoka na damu wasingoje kesho. Phelista aliitikia kila kitu. Ndiyo, daktari. Ndiyo, sista. Lakini nilipomwambia amweke mtoto kwenye titi, akarudi nyuma kwenye kiti na kujikunjia mikono kifuani.

"Phelista, maziwa yako ndiyo bora kuliko ya wote tuliowapima. Kitale nzima, Bungoma nzima. Nakuapia."

"Ile ng'ombe yetu nyekundu pia ushirika walikuwa wanasifu," alijibu. "Mpaka siku walirudisha."

"Nitakuletea karatasi ya matokeo."

"Karatasi mliandika nyinyi."

Nimesoma miaka mingi kuhusu maziwa, na sikuwa na hata neno moja ambalo mwanamke huyu angeliamini, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutoyaamini. Nje ng'ombe alilia mara moja, hakuna aliyemjali.

Ndipo Phelista akainua uso akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Kama ni mazuri," alisema, "kunywa."

"Nini?"

"Kunywa wewe. Nione."

Mama Makokha ndiye aliyeinuka. Alienda jikoni akarudi na kijiko, akakipangusa kwa kanga yake, akampa mkaza mwanawe.

Phelista alijigeuza kidogo, akalegeza leso. Alikamua kwa muda mrefu. Hayakutoka. Alifumba macho, akajikanda, akajaribu upande wa pili, na hatimaye tone likaja, na lingine, hadi kijiko kikajaa nusu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akaninyooshea.

Sheria zetu ziko wazi. Maziwa ya mtu hayashikwi bila glavu, sembuse kuyanywa. Na si sheria peke yake. Mtoto alikuwa hapo, midomo imemkauka, na haya ndiyo yaliyopatikana kwa siku nzima.

"Mpe Wangila," nikamwambia. "Tafadhali. Hayo ni machache, mpe yeye."

"Wangila hawezi sema kama ni mbaya," Phelista akajibu. "Wewe utasema."

Nikanywa.

Yalikuwa ya vuguvugu na matamu, matamu kuliko nilivyotarajia. Nimeipima sukari hiyo maisha yangu yote ya kazi, ninaijua kwa majina yake marefu, na sikuwahi kujua ladha yake. Wote watatu walikuwa wakinitazama koo. Nilimeza, nikakilamba kijiko, nikafungua mdomo waone hakuna kilichobaki.

"Iko aje?" Mama Makokha aliuliza.

"Tamu."

"Tamu aje?"

"Tamu, mama. Tamu kabisa. Hakuna kitu mbaya ndani yake. Haikuwahi kuwa na kitu mbaya. Mimi ndio nilikosa."

Mama Makokha alinitazama muda mrefu. Sijui alikuwa akingoja nianguke au nini. Kisha alivuta kigoda, akaketi nyuma ya mkaza mwanawe, akamshika mgongo kwa mikono miwili.

"Mpe," alimwambia.

Wangila alikataa. Alishazoea chupa inayotiririka yenyewe. Aligeuza uso, akajinyonga, akapiga kelele hadi akawa mwekundu. Edinah akadondosha maji kidogo kwenye titi ili alifuate. Akalifuata, akalishika, akavuta, hakuna kilichokuja, akaliachia kwa hasira akalia tena. Phelista naye alilia. Walilia hivyo mama na mwana, huku Mama Makokha akiwashikilia wote wawili na kuimba kitu kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, bila kupumzika.

Simu yangu ikaita. Dkt. Ngige tena.

"Umepata sampuli?"

"Nimepata."

"Safi sana! Iko kwenye barafu?"

"Nimekunywa."

Nikamsikia akivuta pumzi ili aulize, nikazima simu.

Tulikaa hapo mpaka jua likashuka nyuma ya migomba. Mara nyingi mtoto alishika akaacha. Mwishowe, labda kwa uchovu tu, alishika akatulia, na tukaona taya yake ikienda, si kwa haraka, mara moja, akapumzika, mara ya pili. Edinah aliinamisha sikio karibu kabisa. Akainua kidole. Amemeza. Hakuna aliyethubutu kushangilia. Alimeza mara chache, kisha akalala na titi mdomoni, na hakuna mtu aliyejua kama kesho maziwa yatakuwepo au la. Leso inapokazwa siku nyingi hivyo, kuna maziwa yanayorudi na kuna yasiyorudi. Hilo nalo nimelisoma.

Niliinuka, nikachukua mkoba wangu.

"Nitarudi kesho," nikamwambia Phelista. "Na kesho kutwa. Nitakuja hapa mpaka yajae tena."

Hakuinua macho kutoka kwa mtoto.

"Njoo, daktari," alisema. "Lakini chupa zako uziache huko Kitale."